Mkeka hukunjwa, zulia hupigwa misumari: historia ya sakafu kutoka Ulaya hadi Mahagi

MAHAGI – Katika masoko ya Mahagi na Bunia, tapi ya plastiki inauzwa kwa mita. Roli ndefu inasimamishwa mbele ya duka, yenye sura ya vigae au ya mbao iliyopakwa vanishi. Mchuuzi anakata kwa wembe, mnunuzi anaondoka nayo begani. Bidhaa nyingi za aina hiyo zinaingia kutoka Uganda kwa njia ya Goli, sawa na sabuni, mabati na magodoro. Dukani ni kitu kizuri. Nyumbani ndiko kazi inakoanza. Plastiki imekaa miezi imeviringwa, kwa hiyo pembe zake zinainuka. Mlango ukifunguliwa unaikamata. Mtoto anakimbia kumpokea baba yake, anajikwaa. Mama wa nyumba anaweka mguu wa kitanda upande mmoja, kabati upande mwingine, na penye kizingiti anaweka ubao au tofali mpaka siku fundi atakapopatikana.

Kwenye makambi ya waliohama vita shida ni hiyohiyo, ila kinachotandikwa ni bashi, na chini yake hakuna simenti. Kuna udongo, na mvua ikinyesha udongo huo unalowa. Upepo unaingia kwa chini na kuinua bashi. Watoto wanaisukuma kwa miguu usiku kucha, na asubuhi wanaamka wamelala juu ya ardhi tupu, bashi yote imejikusanya ukutani.

Swali ni moja: kitu kinachovishwa sakafuni kinashikwaje kisitoke mahali pake? Watu wa Ulaya na Marekani walilijibu kwa misumari, fito za shaba, mbao zenye meno na gundi. Watu wa Ituri, na wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, walilijibu kwa kutokifunga kabisa. Jibu hili la pili limedharauliwa mara nyingi, kana kwamba lilikuwa la watu waliokosa msumari. Ukilifuata katika historia, unaona lilikuwa na akili yake, na akili hiyo inamhusu kila mtu anayelala chini usiku wa leo.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kirago ni cha matete au mafunjo, mimea inayoota penye vinamasi na kando ya mito. Mkeka ni wa ukindu au miyaa. Wanawake wa pwani husuka kwanza ukanda mwembamba mrefu unaoitwa ukili, kisha wakaushona ukanda kwa ukanda mpaka mkeka unapata upana wake. Jamvi ni kubwa na nene, la kukalia watu wengi msikitini au kwenye karamu. Busati na zulia ni maneno yaliyotoka kwa Waarabu, pamoja na biashara ya Ghuba. Tapi na moketi yalikuja na Kifaransa cha Wabelgiji. Sasa tazama vitenzi. Mkeka hutandikwa, hukunjwa, hukung'utwa, huanikwa. Vyote ni vitenzi vya kitu kinachokwenda na kurudi. Hakuna kitenzi cha zamani cha kuupigilia mkeka sakafuni, kwa sababu hakuna aliyefanya hivyo. Kiswahili kiliingia Ituri na misafara ya wafanyabiashara wa pembe waliotoka pwani katika miaka ya 1880, watu wa Tippu Tip na wenzao, na katika vijiji walivyopita walikuta watu ambao tayari walikuwa na virago vyao, wakivikunja kila asubuhi vilevile.

Chini ya kirago kulikuwa na sakafu ya udongo, na sakafu hiyo haikuwa kitu cha bure. Ilikuwa kazi ya wanawake, tena kazi nzito. Udongo wa kichuguu ulipendwa kwa sababu mchwa wamekwisha kuusaga na kuushikamanisha. Ulimwagiwa maji, ukakanyagwa, ukapigwa kwa ubao au kwa gongo bapa mpaka ukawa mgumu. Halafu ukapakwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu au udongo laini. Yalipokauka hayakunuka. Yaliacha uso laini wa kijivu ambao ungeweza kufagiliwa bila vumbi kupanda. Baada ya siku kadhaa uso ulianza kuchakaa na kupasuka, hasa penye mlango na karibu na mafiga, na kazi ikarudiwa. Kwa hiyo sakafu ilitakiwa kubaki wazi. Ungewezaje kupaka upya sakafu iliyofunikwa na kitu kilichopigiliwa?

Hapo kuna sababu ya pili, na ndiyo kubwa zaidi. Nayo iliandikwa na madaktari waliokuja Kongo kwa shughuli nyingine.

Mwaka 1903, Shule ya Magonjwa ya Kitropiki ya Liverpool, huko Uingereza, ilituma waganga watatu katika Dola Huru la Kongo, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Walikuwa Joseph Everett Dutton, John Lancelot Todd na Cuthbert Christy. Shabaha yao ilikuwa ugonjwa wa malale. Lakini walipoingia katika nyumba za watu walisikia malalamiko ya mdudu mwingine, wakaanza kuchimbua sakafu. Mwaka 1904 wakachapisha ripoti juu ya kile ambacho vitabu vya Kiingereza mpaka leo vinakiita funza wa sakafu wa Kongo. Ni mtoto wa nzi mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia. Nzi hutaga mayai katika vumbi na nyufa za sakafu ya udongo. Funza anayetoka ni mweupe-mweupe. Mchana anajificha, hasa chini ya mikeka. Usiku anatoka, anamng'ata aliyelala, anakunywa damu mpaka mwili wake unaonekana mwekundu, kisha anarudi ufani. Hawezi kupanda juu. Anayelala kitandani hamfikii, hata kitanda kikiwa kifupi. Anayelala juu ya mkeka uliotandikwa chini ndiye anayemlisha. Hajulikani kuleta ugonjwa, lakini anawasha, ananyima usingizi, na mtoto anayenyonywa damu kila usiku anaonekana.

Dutton na Todd wakaendelea na safari kuelekea mashariki, na huko walikutana na mdudu mbaya zaidi: papasi, ambaye sehemu nyingi za Kongo wanamwita kimputu. Huyu ni aina ya kupe. Naye anakaa katika nyufa za sakafu na za kuta, anatoka usiku, na anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula akingoja mtu arudi kulala. Anapong'ata huacha homa inayopanda, inaisha, halafu inarudi tena baada ya siku chache. Waganga hao wawili walithibitisha katika mashariki ya Kongo kwamba ni papasi anayeipeleka homa hiyo kwa binadamu. Walilipa bei. Wote wawili waliugua wakiwa kazini, na Dutton alifariki Kasongo mwezi wa pili mwaka 1905.

Ongeza na funza wa miguu, yule anayeingia kwenye vidole. Watu wengi wanafikiri alikuwepo Afrika tangu zamani, lakini ni mgeni. Aliletwa kutoka Amerika ya Kusini, na vitabu vya tiba vinataja mwaka 1872, meli iliyoitwa Thomas Mitchell iliyotoka Brazili na kutia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito. Kutoka pwani ile alifuata njia za misafara, mguu kwa mguu, na kabla ya karne ile kuisha alikuwa amevuka bara lote mpaka Bahari ya Hindi. Mayai yake huanguliwa katika vumbi kavu. Sakafu yenye vumbi lisilofagiliwa ndiyo shamba lake.

Sasa rudi kwa mama wa kijijini anayeamka alfajiri, anakunja kirago, anakipeleka nje, anakikung'uta na kukiegemeza juani, kisha anafagia pale kilipokuwa. Wageni wengi wa wakati ule waliona umaskini: nyumba isiyo na kitu. Kumbe alikuwa anafanya kile ambacho ripoti ya Liverpool ingemshauri. Jua liliua, ufagio uliondoa mayai, mpako mpya uliziba nyufa. Kama angekipigilia kirago kwa misumari, angekuwa amewajengea wadudu hao nyumba yenye paa.

Huko Ulaya na Marekani mambo yalikwenda njia nyingine, kwa sababu sakafu zao zilikuwa za mbao, na mbao inapokea msumari. Hata hivyo kwa muda mrefu msumari mdogo ulikuwa ghali, kwa kuwa mhunzi aliufua mmoja mmoja kwa nyundo. Mwaka 1806, huko Massachusetts, kijana mmoja aitwaye Thomas Blanchard, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 20, alianza kutengeneza mashine ya kutoa misumari midogo yenye kichwa bapa. Bei ikashuka. Mazulia nayo yakashuka bei baada ya Erastus Bigelow, Mmarekani pia, kuunda katika miaka ya 1830 kitanda cha kufumia zulia kwa nguvu ya mashine. Familia za watu wa kawaida, siyo wakubwa tu, zikaweza kufunika chumba chote.

Zulia la wakati huo halikutoka kiwandani likiwa pana kama chumba. Lilifumwa vipande vyembamba, kiasi cha sentimita 70 hivi, vikashonwa pamoja kama ukili wa mkeka wa pwani. Kisha likavutwa na kupigiliwa misumari ukingo mzima kuzunguka ukuta. Chini yake waliweka nyasi kavu au magazeti ya zamani. Kwenye ngazi walitumia fito za shaba, moja kwa kila daraja, zikipita katika vikuku viwili ili zulia lisiteleze na kumwangusha mtu. Fito hizo zilikuwa na faida nyingine: zulia la ngazi huchakaa pale mguu unapokanyaga, basi walizichomoa, wakalisogeza zulia kidogo, na sehemu mpya ikapokea miguu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Pamoja na misumari hiyo yote, zulia halikubaki chini moja kwa moja. Kila mwaka, baridi ilipoisha, misumari iling'olewa mmoja mmoja, zulia likatolewa nje, likatundikwa kwenye kamba na kupigwa kwa fimbo iliyosukwa maalumu mpaka vumbi likaisha. Nyasi za chini zikatupwa, sakafu ikasuguliwa, zulia likarudishwa na kupigiliwa upya. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, na ilichukiwa. Lakini waliifanya kwa sababu ileile ya mama wa Ituri: chini ya kitu kilichofunikwa kuna vumbi, nondo na viroboto. Tofauti ilikuwa muda. Mmoja alikunja kila siku, mwingine mara moja kwa mwaka.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa msumari mpya. Kilikuwa mashine ya kunyonya vumbi. Mwaka 1901 injinia Hubert Cecil Booth wa London alitengeneza mashine kubwa iliyokokotwa na farasi. Ilisimama barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani, na vumbi likavutwa kutoka kwenye zulia bila zulia kuondolewa. Mwaka uliofuata alialikwa kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster kabla ya kutawazwa mfalme Edward VII. Miaka michache baadaye, mwaka 1908, Mmarekani James Murray Spangler alipata hati ya mashine ndogo ambayo mtu mmoja angeweza kuisukuma chumbani, na kampuni ya Hoover ikaichukua. Kuanzia hapo kung'oa zulia kila mwaka hakukuwa na maana tena. Zulia likaweza kufungwa na kubaki.

Ndipo mafundi wakatafuta njia ya kulifunga bila vichwa vya misumari kuonekana. Katika miaka ya 1930 na 1940 ulienea Marekani ubao mwembamba kama rula, wenye safu za misumari midogo iliyochungulia juu kama meno, yote yakiinama kuelekea ukutani. Ubao unapigiliwa sakafuni kuzunguka chumba, ukiacha nafasi ndogo kati yake na ukuta. Zulia linatandikwa, linavutwa kwa nguvu, linakamatwa na meno, na ukingo wake unasukumwa katika ile nafasi. Kadiri zulia linavyotaka kurudi ndivyo meno yanavyozidi kulishika. Ni kazi nzuri ya akili. Kulivuta, fundi anatumia chombo kifupi chenye meno mbele na mto nyuma, ambacho anakipiga kwa goti lake. Anakipiga mara nyingi sana kwa siku, na ndiyo maana magoti ya mafundi wa mazulia yanavimba na kuharibika mapema. Waganga wa nchi hizo wanaujua ugonjwa huo vizuri. Baadaye zikaja gundi, na ule utepe wa pande mbili unaoshikana kama mbegu za magugu kwenye nguo, uliobuniwa na George de Mestral wa Uswisi na kupata hati mwaka 1955. Huo pia unatumika kushikilia mazulia madogo.

Mnyororo huo, sakafu ya mbao, msumari wa bei ndogo, mashine ya kunyonya vumbi, umeme, haukufika Mahagi ukiwa mzima. Vilifika vipande. Wabelgiji walijenga nyumba za matofali zenye sakafu ya simenti, kwa sababu mchwa wa hapa wangemaliza sakafu ya mbao. Mizigo yao ilipita Uganda na Ziwa Albert, ambako meli Robert Coryndon ilianza kazi mwaka 1930 ikiunganisha Butiaba upande wa Uganda na Kasenyi upande wa Kongo. Lakini simenti haipokei msumari mdogo wa zulia. Unapinda. Ili kupigilia ule ubao wenye meno katika simenti inahitajika misumari ya chuma kigumu au kutoboa na kuweka skrubu. Ndiyo maana moketi ya ukuta kwa ukuta ilibaki kitu cha ofisi za wakubwa, ikibandikwa kwa gundi, na ilipochakaa haikung'oleka bila kuacha madoa. Wanaofanya usafi katika ofisi za namna hiyo wanajua: umeme usipokuwepo, moketi inafagiliwa kwa ufagio wa kawaida, na vumbi linashuka chini badala ya kutoka. Moketi bila mashine ni mkeka uliokatazwa kukunjwa.

Watu walibuni vyao. Kilicho bora kuliko vyote ni kifuniko cha chupa ya soda au bia. Msumari wa kawaida una kichwa kidogo. Ukishika plastiki au karatasi nene, upepo ukivuta, kichwa kinapasua tundu na kupita. Ukipitisha msumari kwanza katikati ya kifuniko, nguvu inasambaa kwenye duara lote na plastiki haipasuki. Ni wazo lilelile la msumari wa Blanchard wenye kichwa kipana, isipokuwa hili halikuhitaji kiwanda. Kwenye nyumba za miti na udongo, wenye nyumba huinua ukingo wa tapi kiasi cha kiganja, wanaupigilia kwa vifuniko kwenye mti wa chini wa ukuta. Tapi inashikwa na ukuta, siyo na sakafu.

Vita ndivyo vilivyolifanya jambo hili kuwa la maelfu ya watu. Vita vya 1999 hadi 2003 viliwatoa wengi kwenye nyumba zao. Halafu kuanzia mwezi wa 12 mwaka 2017, mauaji katika teritwari ya Djugu, na baadaye katika sehemu za Mahagi, yaliwasukuma watu kuelekea Bunia, kuelekea mji wa Mahagi, na wengine kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Albert mpaka Uganda. Katika barabara hizo mkeka ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonekana sana kichwani, umeviringwa, mara nyingine na sufuria ndani yake. Kitu kilichopigiliwa hakibebeki usiku. Waliolala katika kambi ya Plaine Savo, mwezi wa pili mwaka 2022, wakati washambuliaji walipoingia na kuua watu wapatao 60, hawakupata hata muda wa kukunja.

Hili linakaa akilini mwa familia za makambini, iwe zinalisema au hazilisemi. Kufunga sakafu vizuri ni kukubali kwamba utakaa. Kuna wanaokataa kufanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Lakini udongo haungoji mtu aamue, na watoto wanalala juu yake kila usiku.

Vifaa vinavyogawiwa navyo vina vipimo vyake. Bashi ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, ni mita 4 kwa 5, yenye kingo zilizoimarishwa na matundu ya kupitishia kamba. Mkeka wake wa plastiki ni sentimita 180 kwa 90, mtu mzima mmoja au watoto wawili waliobanana. Bashi ilitengenezwa kwa ajili ya paa na kuta. Kinachobaki kwa sakafu ni bashi ya zamani iliyochanika, au mifuko ya unga iliyoshonwa pamoja. Na hicho ndicho kinachotakiwa kushikwa.

Njia zinazotumika makambini ni tatu. Ya kwanza ni uzito: mawe, jeriken za maji, masanduku. Ni rahisi, ila mawe yanakula nafasi katika chumba ambacho hakina nafasi, na mtoto anajikwaa usiku. Ya pili ni kuzika ukingo: kuchimba mfereji mdogo ndani ya ukuta, kuingiza ukingo wa bashi na kuufukia kwa udongo. Inashika sana, hata upepo wa Bunia hauiwezi. Lakini ni njia mbaya kuliko zote kwa afya, maana bashi iliyozikwa hainuliwi tena. Unyevu wa ardhi unapanda, haupati pa kutokea, unageuka maji na ukungu chini ya migongo ya watu. Na pale penye ukavu, vumbi na nyufa zinabaki zimefunikwa kwa miezi, vile papasi apendavyo. Waliofukia wana sababu yao, wamechoka na bashi inayotembea. Hata hivyo wafukue.

Ya tatu ni vigingi. Kijiti cha mti mgumu, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kilichoachwa na kidole cha tawi juu kama ndoano, kinapigiliwa kikiwa kimeegemea ukutani. Au kipande cha waya mnene kilichokunjwa umbo la herufi U. Vinapita kwenye matundu ya bashi, au kwenye kitanzi cha kamba kilichofungwa penye kijiwe kidogo kilichoviringwa ndani ya ukingo, kwa bashi ambayo matundu yake yamekatika. Vigingi viwekwe pande tatu. Upande wa mlango ubaki huru, ukilaliwa na mti mmoja mrefu ulionyooka. Mti huo unainuliwa mara moja, bashi inakunjwa kuelekea ndani, ardhi inapumua, inafagiliwa, na jua likiwepo linaingia. Mara moja kwa wiki inatosha wakati wa ukavu. Wakati wa mvua ni kila jua linapotokea. Ukingo wa pande tatu uinuliwe vidole vinne juu ya ukuta kama mdomo wa beseni, ili maji yanayopita chini ya ukuta yasipande juu ya bashi. Lakini kabla ya yote hayo, mfereji wa kupitisha maji uchimbwe nje kuzunguka nyumba. Hakuna kigingi kinachozuia maji.

Wenye sakafu ya simenti mjini wana kazi ndogo zaidi. Tapi mpya isikatwe siku ileile. Itandikwe juani saa kadhaa ili ilegee, au iviringwe upande wa pili na kufungwa usiku mmoja. Ikatwe ikiacha nafasi ya kidole kutoka ukutani, kwa kuwa plastiki inapanuka wakati wa joto na ikigusa ukuta pande zote itainuka katikati. Penye kizingiti ndipo pa kufunga kweli: ubao mwembamba au bamba la aluminiamu lenye skrubu, kwa sababu hapo ndipo miguu inapoingia. Pengine pote uzito wa vyombo unatosha. Wanaotumia gundi ya washona viatu wajue kwamba mvuke wake unashika moto na unalevya; madirisha yafunguliwe, na taa ya mafuta, jiko na sigara viwe mbali mpaka harufu iishe.

Kuna pia wale wanaorudi. Katika vijiji ambako utulivu umerudi kiasi, familia zinakuta nyumba imeungua au imebomoka, sakafu imemea majani. Wanawake wanaanza tena na udongo wa kichuguu, maji na gongo, hata kabla ya paa kukamilika. Haraka ya kutandika ni kubwa, lakini sakafu mpya ina maji mengi ndani yake. Kipande cha bashi, hata cha ukubwa wa kitambaa cha kichwa, kilazwe juu yake jioni, kingo zake zikilaliwa na mawe pande zote, kisha kiinuliwe asubuhi na kugeuzwa. Matone yakionekana chini yake, kirago kibaki kimeegemea ukutani siku chache nyingine.